Uzi maalumu: Paka wako anakuonyeshaje kwamba anakupenda?

FundiNgamiani (mwenye uzi)

Wanajamvi, habari za jioni.

Wiki iliyopita mteja wangu alikuja kuchukua gauni lake, akamkuta paka wangu Karafuu amelala juu ya rundo la vitambaa kwenye meza ya kukatia. Akaniambia, "Dada, huyo anakutumia tu. Paka anapenda nyumba, mwenye nyumba hana habari naye." Nilikuwa na pini mdomoni, sikumjibu. Lakini maneno yale nimeyasikia tangu utotoni, na kwa miaka mingi niliyaamini, mpaka nikafanya kosa ambalo linaniuma hadi leo. Kosa hilo ndilo lililonifanya nianze kumtazama paka huyu kwa makini na kusoma yaliyoandikwa kuhusu wenzake. Naomba nilieleze, kisha na nyie mlete yenu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani. Karafuu nilimwokota masika ya mwaka 2019, amejikunyata barazani, amelowa chapachapa, anaenea kwenye kiganja. Nilimkausha kwa kipande cha kanga nikamlaza kwenye boksi la vitambaa. Ni wa kahawia mwenye milia myeusi, ndiyo maana nikamwita hivyo.

Alipofika kama miezi minane akaanza kuwinda. Alfajiri moja naamka, nahisi kitu cha uvuguvugu shavuni. Panya. Mzima mzima, manyoya yamelowa mate, kalazwa juu ya mto wangu. Karafuu amekaa pembeni, mkia kauzungushia miguu, ananitazama usoni. Nilipiga yowe, nikaokota kandambili, nikampiga nayo mgongoni. Akaingia uvunguni mwa kabati, hakutoka hadi jioni. Siku tatu zilizofuata kila nikinyanyua mkono, hata wa kuchukua mkasi, alikuwa anajikunja.

Wengi husema panya wa namna hiyo ni zawadi. Wataalamu wa tabia za wanyama hawasemi kwa sauti moja. Paka jike huwaletea watoto wake windo, kwanza lililokufa, baadaye lililo hai, ili wajifunze. Na paka yeyote hupenda kulipeleka windo lake mahali anapojisikia salama. Huenda Karafuu alinihesabu kama mwenzake asiyejua kuwinda, huenda alilileta tu kwenye maficho yake. Vyovyote iwavyo, katika nyumba nzima mahali alipopaona salama kuliko pote palikuwa kando ya uso wangu, na mimi nikamjibu kwa kandambili.

Kwenye macho ndiko nilikojifunza zaidi. Mchana kama saa nane umeme ukikatika nabaki na cherehani ya miguu, duka linakuwa kimya. Karafuu anapanda mezani, anakunja miguu ya mbele chini ya kifua, ananitazama. Kope zinashuka hadi nusu, zinatulia hapo, kisha zinafunga taratibu. Zinakaa hivyo kwa muda wa mishono mitano sita, halafu zinafunguka nusu tu. Usingizi hana: masikio yamenielekea, ncha ya mkia imetulia. Zamani nilidhani anasinzia.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, wakiwamo Tasmin Humphrey na Karen McComb, walichapisha jaribio juu ya jambo hili. Mwenye paka akimfumbia macho polepole, paka naye alielekea zaidi kumjibu vivyo hivyo kuliko pale mtu alipokuwa hamfanyii lolote. Wakajaribu na mtu mgeni kabisa, na paka akawa mwepesi kuusogelea mkono wa mgeni aliyemfumbia macho kuliko wa mgeni mwenye uso mkavu. Kwa paka, kukodolewa macho ni ugomvi. Angalieni mashume wawili wanaotaka kupigana, wanavyokaziana. Anayefumba macho mbele yako amekuachia nafasi ya kumdhuru akiwa na hakika kwamba hutamdhuru.

Jaribuni leo. Kaa upande kidogo, legeza uso, fumba macho polepole kama mtu anayeshikwa na usingizi, fumbua nusu, ngoja. Wapo wanaojibu palepale, wapo wanaochukua wiki.

Mkia nao unasema. Nikifungua duka akija amesimamisha mkia wima kama mlingoti, ncha imepinda kama ndoana, hiyo ni salamu. Watoto wa paka humwendea mama yao hivyo, na paka wakubwa wanaoelewana husalimiana hivyo. Baada ya salamu anakuja kujisugua. Mashavuni, kidevuni, kwenye kipaji cha uso na kwenye shina la mkia paka ana tezi za harufu, na anapopitisha shavu kwenye muundi wako anakupaka harufu yake na kuchukua yako. Paka wanaoishi pamoja husuguana mpaka wanakuwa na harufu moja ya nyumbani. Karafuu ana mzunguko wake kila asubuhi: mguu wa cherehani, kona ya meza, mguu wangu. Wateja huwa anawapita mbali.

Na kile kitendo cha kukanda, kushoto kulia kushoto kulia, kama mtu anayekanda unga wa chapati, ametoka nacho kwenye kunyonya. Mtoto wa paka hukanda ziwa la mama ili maziwa yashuke. Paka mzima akikukanda mapajani, mwili wake umerudi kwenye shibe na joto lile. Kucha zinachoma, najua. Mimi naweka kanga iliyokunjwa mapajani, simsukumi.

Karibuni. Wako anafanyaje?

Mkulima_Ifakara

Dada, heshima yako. Nimesoma yote, lakini ngoja niseme ninavyoona mimi. Nina paka wawili, wote kwa ajili ya ghala. Bila wao mpunga wangu ungeishia tumboni mwa panya kabla ya mwaka mpya, na kwa kazi hiyo nawaheshimu. Lakini mapenzi? Nikirudi shamba mbwa wangu ananipokea barabarani, anaruka, analia. Paka anainua kichwa, ananitazama, anakilaza tena. Mwaka juzi mmoja alihamia kwa jirani miezi miwili kwa sababu kule wanakaanga samaki. Nikaona huyu anafuata tumbo lake. Mke wangu tunabishana juu ya hili kila siku. Nataka nisikie hoja yenye uzito.

MtotoWaAmu

Asalaam aleikum nyote.

Sisi huku Lamu tumezaliwa tukawakuta. Wembamba, miguu mirefu, kila baraza ina wake. Mashua za wavuvi zikifunga utawaona wamejipanga kwenye ngazi za gati, na wavuvi huwatupia matumbo ya samaki bila kuona taabu.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, akitaka kutawadha paka akaja, humwachia anywe kwanza. Alikuwa akitusimulia habari ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume (SAW). Kabsha, mke wa mwanawe, alikuwa akimtilia maji ya udhu, akaja paka, naye Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipomwona Kabsha anamtazama kwa mshangao, akamweleza kwamba Mtume (SAW) alisema paka si najisi, ni katika wale wanaowazungukia. Bibi alikuwa akilirudia hilo neno, wanaowazungukia. Alisema kukuzungukia ndiyo mapenzi ya paka. Hakai juu yako kila saa, lakini tazama vizuri: chumba ulichomo, na yeye yumo.

Paka wake alikuwa hivyo hasa. Hakupenda kupakatwa. Bibi akienda uani, yuko uani. Akienda jikoni, amekaa kizingitini. Siku ya arubaini ya bibi tuliposoma hitima, yule paka bado alikuwa akilala kwenye mswala wake, na mama yangu alikataza mtu kuukunja.

FundiNgamiani

MtotoWaAmu, hilo la mswala limenitoa machozi. Mwenyezi Mungu amlaze bibi mahali pema. Nami nimeanza kuhesabu: leo nimehama kutoka mezani kwenda kwenye pasi mara tisa, na mara saba Karafuu amehama na mimi.

Kaka Mkulima, hoja yako ni ya haki, na hata watafiti wamebishana juu yake. Mwaka 2015 Alice Potter na Daniel Mills wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha jaribio la kuwaweka paka kwenye chumba kigeni na mwenyewe anayewafuga na mtu mgeni, kisha kuwaacha na kuwarudia. Hawakuona kwamba paka mzima anamtegemea mwenyewe kwa usalama jinsi mtoto anavyomtegemea mama. Hapo wewe umeshinda.

Lakini mwaka 2019 Kristyn Vitale na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, wakapima kwa namna nyingine. Paka anakaa na mwenyewe chumba kigeni dakika mbili, mwenyewe anatoka dakika mbili, anarudi dakika mbili, na wao wanaangalia anapokelewaje. Asilimia kama 64 ya watoto wa paka walimpokea, wakatulia, wakarudi kukagua chumba bila wasiwasi. Hivyo ndivyo anavyofanya mtoto mchanga mwenye imani na mlezi wake. Kwa paka wazima ilikuwa karibu asilimia 66. Waliobaki wapo waliomng'ang'ania, wapo waliomkwepa. Mimi naliamini zaidi hili kwa sababu linatazama kurudi. Karafuu nikitoka halii. Nikirudi ndipo anaposema.

Kuhusu tumbo, kundi hilo la Oregon mwaka 2017 lilipima pia paka wanachagua nini wakiwekewa mtu wa kuwa naye, chakula, kitu cha kuchezea na kitu chenye harufu. Nusu ya paka walipendelea mtu. Waliopendelea chakula walikuwa asilimia 37. Asilimia 37 si wachache, kwa hiyo sikukatalii habari ya jirani na samaki wake. Ila hao nusu wengine nao tuwahesabu.

Na kuhusu ghala, hapo umegusa asili yao. Paka wa nyumbani wote wametokana na paka pori aina ya Felis lybica, aliyesogelea vijiji vya wakulima kule Mashariki ya Kati miaka kama 10,000 iliyopita, akifuata panya waliofuata nafaka. Ghala lako ndipo walipoanzia. Kisiwani Cyprus wachimbuaji waliripoti mwaka 2004 kaburi la miaka kama 9,500: mtu amezikwa, na sentimita 40 tu kutoka kwake wakaikuta mifupa ya paka. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, ina maana mtu alimpakia kwenye chombo akavuka naye bahari. Mimi sioni kwamba mtu angezikwa hivyo na mnyama ambaye kwake alikuwa mtego wa panya tu.

Mbwa ametoka kwenye ukoo wa wanyama wanaowinda kwa kundi, furaha yake lazima ionekane na wenzake. Paka pori anawinda peke yake na yeye mwenyewe anawindwa, kwa hiyo kelele humponza. Usimpime kwa kuruka. Nakuomba kitu kimoja: huyo anayeinua kichwa akakutazama, angalia macho yake yanafanyaje kabla hajakilaza.

MamaTatu

Shosti, asante kwa uzi. Mimi nina swali na nina malalamiko. Paka wetu akimwona mwanangu wa darasa la tatu anajitupa chini, analala chali, tumbo juu, anajinyonganyonga. Mtoto anafurahi, anampapasa tumbo, anakamatwa mkono kwa kucha nne na meno. Mara tatu sasa. Baba yao anasema paka ana hila. Je, si alimwita mwenyewe?

Swali la pili ni la mdogo wangu, ana mimba ya miezi minne. Mawifi wamemwambia amtupe paka wake porini, eti atamdhuru mtoto tumboni. Analia kila siku. Mwenye kujua anisaidie.

DaktariWaMifugo_Moro

Nimekuwa nikisoma kimyakimya, lakini hapa acha niingie.

Mama, paka wako hana hila. Tumboni pana viungo vingi vya uhai na hapana mfupa wa kuvikinga. Akilala chali mbele ya mwanao anasema, "Kwako sina hofu." Hajasema, "Nishike hapa." Mtoto akipeleka mkono pale, mwili wa paka unajikinga wenyewe kwa kukumbata na kupiga teke. Mfundishe mtoto akae chini, anyooshe kidole kimoja, paka mwenyewe aje akinuse. Akisogeza shavu, amkune mashavuni, chini ya kidevu na kati ya sikio na jicho, kule kwenye tezi alizozitaja Fundi. Baada ya sekunde chache aondoe mkono. Paka akitaka tena atasogea. Mkia ukianza kupigapiga chini, ngozi ya mgongo ikitetemeka, au masikio yakilala pembeni, aache hapohapo. Nimeshona mikono mingi... hapana, nisiseme nimeshona, mimi ni wa wanyama, lakini nimesafisha vidonda vingi vya watoto vilivyotokana na sekunde tatu za kuchelewa kuacha. Jeraha la paka lisafishwe kwa maji mengi na sabuni, na aking'ata mtu afike hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Paka wachanjwe kama mbwa.

Mdogo wako asimtupe paka. Vimelea vinavyotajwa vinaitwa toksoplasma. Paka huvitoa kwenye kinyesi, mara nyingi kwa wiki chache tu baada ya kuambukizwa kwa mara ya kwanza, na kinyesi chenyewe huchukua kati ya siku moja na tano ndipo kiweze kuambukiza. Kwa hiyo mtu mwingine asafishe mchanga wa paka kila siku, na kama hakuna mtu mwingine, avae glavu na anawe vizuri. Anawe pia baada ya kulima bustani, aoshe mboga, ale nyama iliyoiva. Hiyo nyama mbichi nusu ndiyo wengi wanaisahau wakimlaumu paka. Amweleze na mkunga wake kliniki.

Sasa mkoromo, ile ngurumo laini ya kooni paka akiwa macho. Fundi umeuruka na mimi nauona kuwa ni jambo kubwa. Paka akikoroma kwenye mapaja yako, mwili umelegea, amekunja miguu, hapo ana raha. Lakini paka hukoroma pia akiwa na maumivu, akizaa, hata akikaribia kufa. Wengi wamemletea daktari paka aliyechelewa wakisema, "Lakini alikuwa anakoroma, tukajua yuko sawa." Angalia mwili mzima: kama anakoroma huku amejikunja pembeni, hali, hajilambi, manyoya yamesimama, mlete. Na kuna mkoromo wa kuomba. Huyo Karen McComb wa Sussex aliyetajwa juu alionyesha mwaka 2009 kwamba paka anayeomba chakula huchanganya ndani ya mkoromo sauti nyembamba inayokaribiana na kilio cha mtoto mchanga. Watu, hata wasiofuga paka, waliusikia huo kuwa wa haraka zaidi. Hivyo saa kumi na moja alfajiri ukishindwa kulala, ujue kwa nini.

Jambo la mwisho, naliomba kwa herufi kubwa moyoni: msimpe paka Panadol. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa ile, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Mwaka huu pekee nimewaona wawili, wote walipewa na watu waliowapenda sana.

Mkulima, nakuuliza: paka wako huwa wanalala wapi?

BodaKahama

Mimi nalala saa nane usiku kwa ajili ya kazi. Nikifika mwanzo wa uchochoro, kabla sijazima pikipiki, mama anasema paka anatoka chumbani na kukaa mlangoni. Pikipiki za wenzangu zinapita usiku kucha, hatoki. Akiniona anatoa kasauti kafupi, "mrr", mdomo umefunga. Je, anatambua kweli au ni mazoea ya saa? Na jina lake anajua? Namwita Chalii, mara anakuja, mara ananipa kisogo.

FundiNgamiani

Mdogo wangu wa Kahama, hako kasauti ka mdomo uliofungwa ndiko paka jike anakotumia kuwaita watoto wake. Na ule mlio wa "nyau" wenyewe una habari yake. Mtoto wa paka humlilia mama yake, lakini wakishakuwa wakubwa paka kwa paka hawaliliani nyau mara nyingi. Sehemu kubwa ya mlio huo wanatulilia sisi. Wameendelea kutuita kwa sauti ya utotoni.

Kutambua anatambua. Atsuko Saito na mwenzake kule Japani walichapisha mwaka 2013 kwamba paka wakisikilizishwa sauti za watu wasiowajua halafu ya mwenyewe, masikio na vichwa vilielekea kwenye ya mwenyewe. Mwaka 2019 Saito na wenzake wakaonyesha kwamba paka hutofautisha jina lake na maneno mengine yanayofanana nalo kwa urefu na lafudhi, hata likitamkwa na mtu mgeni. Lakini katika lile jaribio la kwanza wengi wao walisikia, wakageuza sikio, na hawakuinuka. Kwa hiyo Chalii akikupa kisogo, tazama masikio. Sikio moja likigeuka nyuma, amekusikia, na kukupa kisogo ni kukuamini: hageuzii mgongo anayemhofia.

Daktari, asante sana. La Panadol naomba wasimamizi wa jukwaa waliweke juu ya uzi.

WaKilifi

Salamu kutoka Kilifi. Niongeze kidogo kwa sababu watu hudhani paka wenye sifa ni wa Ulaya tu. Msitu wetu wa Arabuko-Sokoke una paka mwenye madoadoa kama gamba la mti, Wagiriama tunamwita kadzonzo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Jeni Slater, aliyekuwa akiishi huku, aliwakuta watoto wa paka huyo, akawafuga, na baadaye kizazi chao kikapelekwa hadi Denmark. Leo duniani wanaitwa Sokoke. Nilikuwa na jike wa kienyeji mwenye madoa hayo. Kunilamba ndiyo ilikuwa zake. Ulimi kama msasa, kwenye nywele, hapa juu ya sikio, kila usiku baada ya yeye kumaliza kujilamba. Paka hulamba wenzake wanaoelewana, hasa kichwani na shingoni, mahali ambapo mtu hajifikii mwenyewe. Nilivumilia msasa ule miaka kumi na moja na leo ningeulipia.

Mkulima_Ifakara

Nimechelewa kujibu, tulikuwa na msiba Mahenge.

Daktari, uliniuliza wanalala wapi. Swali lile lilinifanya nitazame. Yule dume hulala popote. Yule jike, aliyehamia kwa jirani akarudi, hulala kwenye shati langu la shamba. Nalitundika msumarini nyuma ya mlango wa ghala, asubuhi nalikuta chini, lina manyoya. Mwaka mzima nimekuwa nikimfukuza nikidhani anapenda giza la pale. Kuna magunia matupu, laini kuliko shati, na hayalalii.

DaktariWaMifugo_Moro

Pole na msiba, mkuu. Shati la shamba lina jasho lako. Kwa pua ya paka huyo ni wewe, upo au haupo. Magunia yana harufu ya mpunga tu. Analiangusha mwenyewe, maana yake kila usiku anafanya kazi ya kulipanda mlangoni na kulivuta. Usilitundike. Liache chini.

Mkulima_Ifakara

Nilifanya hivyo kabla sijasoma jibu lako. Kwenda Mahenge tulilala siku nne, nikaliacha shati chini, chafu kama lilivyo. Binti yangu aliyebaki nyumbani nimemuuliza leo. Anasema dume alikuwa akija kula na kuondoka. Jike alikula kidogo, akarudi ghalani, na usiku wa tatu akalivuta shati kutoka mlangoni mpaka kwenye kizingiti cha nyumba, akalala hapo nje.

Leo jioni nimefika, akainua kichwa kama kawaida, akanitazama. Fundi, ulisema niangalie macho. Nimeyaangalia. Mke wangu anakusalimu, anaomba namba ya kipimo cha gauni aje Tanga mwezi wa nane.

FundiNgamiani

Mwambie wifi aje na kitambaa chake, vipimo nitamchukua mwenyewe. Na wewe ukafanyaje, kaka, alipokutazama?

Mkulima_Ifakara

Nimefumba na mimi.